Kiapo Kisicholika

Kaeni mkao wa kula, ila msile kitu kwanza. Huko ninakotaka kuwapeleka, kula kuna ibara yake.

Nchi yenyewe sitaitaja. Nimebakiwa na meno matatu na yote nayapenda. Mji nitawatajia: unaitwa Mchuzini. Msihangaike kuutafuta kwenye ramani, maana ramani ilipotea siku ileile yalipopotea makaburi ya zamani na kuota nyumba za ghorofa.

Watu wakubwa wa Mchuzini walikuwa watu wa kula. Sisemi kwa ubaya, kila mtu na kipaji chake. Diwani mmoja alikula taa za barabarani. Mwenziwe akala choo cha sokoni, choo, jamani, na hakutapika. Halafu wakakaa wote kwa pamoja, kama watu wa sinia moja, wakala daraja la Mto Mgundi. Mimi siku zote nilikuwa najua chuma hakiliki. Nikaenda kuangalia kwa macho yangu. Upande wa huku nguzo mbili, upande wa kule nguzo mbili, katikati hewa. Na hewa hiyo ilizinduliwa. Utepe ulikatwa, matarumbeta yakapigwa, Meya akapita juu yake kwa hotuba.

Basi wakubwa wa makao makuu wakaleta waraka. Mchuzini iandike upya Hati ya Mji, na humo ndani yawemo maadili ya viongozi. Hati ya zamani iliandikwa na wakoloni. Ilikataza mbuzi kuvuka barabara bila kamba na ilikataza kupiga mluzi karibu na nyumba ya Bwana Mkubwa. Maadili hayakuwemo, labda kwa sababu Bwana Mkubwa hakuona nani wa kumwekea.

Ikaundwa kamati ya watu kumi na saba. Mwenyekiti alikuwa Mstahiki Meya mwenyewe, Tufani Kigwasi. Katibu alikuwa Afisa Maadili, Bwana Erasto Nyaulingo, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, zote hazina wino. Na mimi, Kidawa binti Mwinchande, darasa la nne la zamani, nikaletewa barua kwamba nimeteuliwa kuwa Mwananchi wa Kawaida. Kazi yangu ilikuwa kupiga makofi kila yanaposomwa maneno "kwa ustawi wa wananchi." Nilipiga makofi siku tisini. Viganja vikaota sugu kama vya mpiga kasia.

Siku ya themanini na tisa wakafika kwenye maadili. Bwana Nyaulingo akasimama, akakohoa, akasoma: "Kiongozi wa umma atajiepusha na kujipatia manufaa yasiyostahiki yatokanayo na dhamana aliyokasimiwa."

Nikasikia feni.

Diwani mmoja akanyoosha mkono. "Hapo ina maana tunaruhusiwa au haturuhusiwi?"

"Inategemea na tafsiri," akasema Bwana Nyaulingo.

"Basi ni nzuri sana," akasema yule diwani, na wote wakapiga makofi.

Nami hapo ndipo kiherehere kikanishika. Nikasema, "Wanangu, neno refu la nini? Andikeni tu asile."

Wakageuka wote kunitazama, kama vile kiti ndicho kilichosema.

"Asile," nikarudia. "Kila mtu ataelewa. Hata nyie."

Meya akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema hiyo ndiyo hekima ya wananchi wa kawaida, na iandikwe hivyohivyo. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Na kunywa?"

"Kunywa kumefanya nini, Mstahiki?" akauliza Bwana Nyaulingo.

"Mwananchi akija ofisini kwangu na chai yake, kwa mapenzi yake mwenyewe, nimkatae? Huo si utovu wa adabu? Sisi ni watu wa ukarimu!"

Chai ya nchi ile mnaijua. Haina majani wala sukari, na huja ndani ya bahasha. Basi Ibara ya Saba ikaandikwa hivi: *Kiongozi wa umma hatakula kitu chochote, cha mtu yeyote, mahali popote. Kunywa hakuhusiki.*

Ibara nyingine nitawatajia mbili tu, zilizobaki mwaweza kufungia maandazi. Ya Pili ilisema kiongozi wa umma ni mtu yeyote wa Mchuzini aliyeapa mbele ya mkutano wa hadhara. Ya Kumi na Mbili ilisema jengo la umma litafunguliwa na kiongozi wa umma, na si mtu mwingine. Nikapiga makofi, nikapewa soda, nikarudi nyumbani nikijiona nimeandika sheria.

* * *

Ikafika siku ya kuapishwa. Uwanja umejaa, hakimu ameletwa na joho lake, mapambo hadi kwenye mti wa bendera. Meya akapanda jukwaani. Hakimu akamnyooshea kitabu. Meya akarudi nyuma kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Ndugu wananchi," akasema, "mimi ni mtii wa sheria. Hati yetu mpya, tukufu, iliyotungwa kwa ustawi wa wananchi..."

Mikono yangu ikapiga makofi yenyewe. Mazoea.

"... inasema kiongozi hatakula kitu chochote. Chochote, ndugu zangu! Na leo hii naitwa hapa, mchana kweupe, mbele ya wazee na watoto, niambiwe nile kiapo. Nawauliza madiwani: kiapo ni kitu au si kitu?"

"Ni kitu!"

"Na nikikila, nitakuwa nimekula au sijala?"

"Umekula!"

Akaweka mkono kifuani. "Basi kwa uchungu mkubwa, na kwa kuyaheshimu maadili, mimi Tufani Kigwasi, sili!"

Madiwani wakasimama mmoja mmoja. Sili. Sili. Sili. Wa mwisho alikuwa anatafuna karanga, akameza kwanza ndipo akasema sili. Hakimu akafunga kitabu, akavua joho, akauliza gari lake liko wapi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Aliyeapa ndiye kiongozi, si ndivyo? Hakuna aliyeapa, kwa hiyo Mchuzini haikuwa na kiongozi. Na kama hakuna kiongozi, maadili ya viongozi hayamgusi mtu. Wao waliendelea kukaa ofisini, tukaambiwa, kwa muda tu, ili viti visishike vumbi. Wakala kuliko mwanzo, maana sasa walikula kama raia, na raia kula si kosa.

Bwana Nyaulingo, aliyekosa viongozi wa kuwachunga, akaanza kuchunga maneno. Ofisini ikawa marufuku kusema mji umekula hasara. Ilibidi waseme hasara imepita kusalimia. Madiwani hawakula njama tena, walizionja. Mimi mwenyewe nikaletewa barua ya onyo kwa kutamka hadharani kwamba nimekula chumvi nyingi. Nilitakiwa kueleza kwa maandishi, ndani ya siku saba, chumvi hiyo ilikuwa ya nani.

Nikajibu kwamba aliyenipa ni Mungu, wamfuate.

* * *

Ningecheka hivyo mpaka siku ya kufa kwangu, kama si Sikudhani.

Sikudhani ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa kwenye kanga. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeingia mwezi wa nane, na miguu ilivimba hadi ndala hazikuingia. Nikampeleka kwa Nesi Sikujua.

Nesi Sikujua alipangiwa kazi kwenye zahanati yetu mpya. Zahanati nzuri, imepakwa rangi ya kijani, kitanda cha kujifungulia bado kiko kwenye nailoni yake. Ila ilifungwa kufuli, kwa vile jengo la umma hufunguliwa na kiongozi wa umma, na kiongozi hatuna. Miezi mitano yule binti wa watu alikuwa anakaa barazani na mkoba wake, anapima watu presha juani, anajisainia mwenyewe daftari la mahudhurio.

Akampima Sikudhani. Akapima tena. Akakunja midomo.

"Bibi, huyu asijifungulie nyumbani. Hata kwa bahati mbaya."

"Wapi basi, mwanangu?"

Akatazama mlango uliofungwa, halafu akatazama upande wa mtoni. Hospitali iko ng'ambo ya Mgundi. Ng'ambo ya ile hewa iliyozinduliwa.

Masika yaliyopita, Mwanaheri, mke wa fundi baiskeli, alishikwa na uchungu akapakiwa kwenye mtumbwi. Mtoto alifika ng'ambo mzima. Mwanaheri naye alifika, lakini hakuteremka. Hapo sina utani.

Nikachungulia dirishani. Ndani ya chumba cha wazazi, hadi kwenye dari, vilikuwa vimepangwa viti vya plastiki na maturubai ya harusi, vile anavyokodisha mke wa Meya. Nikamfuata Bwana Nyaulingo.

"Mlango si haujafunguliwa? Viti vimeingiaje?"

"Haukufunguliwa, Bi Kidawa," akasema, macho chini. "Ulisogezwa."

Nikaenda kwa Meya mwenyewe. Alinipokea vizuri, shikamoo mbili, kiti chenye mto. Nikamweleza habari za Sikudhani, za presha, za Mwanaheri. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama kuku anayesikia mvua.

"Mama yangu, mikono yangu imefungwa na sheria."

"Basi apa, mwanangu. Ukishaapa, ufungue."

"Nile? Mimi?" Akatabasamu. "Na neno lile, kama nakumbuka sawasawa, ulitupa wewe. Asile. Limetusaidia sana, mama. Sijui tungefanyaje bila wewe."

Nikatoka. Mnajua, mtu akikutukana unamrudishia. Akikushukuru hivyo, utamrudishia nini?

Nikaenda moja kwa moja kwa somo yangu, Bi Chausiku, nikamkuta anachambua mchicha. Nikamwambia, "Chausiku, mdomo wangu umemfungia mjukuu wangu nje."

Hakunipa pole. Chausiku hana pole, alizaliwa bila. Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Lakini wewe, tangu lini kiapo kikaliwa? Marehemu baba alikuwa mwapishaji wa wazee. Hakumlisha mtu. Alikuwa anawanywesha."

"Unasemaje?"

"Kiapo cha zamani kilikuwa cha kunywa, shoga. Chunguni."

Mchicha ukaachwa palepale. Tukatazamana kama wezi wawili walioona dirisha limesahauliwa wazi.

* * *

Mkutano wa hadhara ulikuwa Jumatano. Meya alikuwa anatuhutubia kuhusu uvumilivu. Sisi tukaingia katikati ya hotuba, wanawake arobaini na mmoja, mbele yetu chungu kikubwa kichwani juu ya kata, tukipokezana njia nzima. Ndani mlikuwa na majani ya mwarobaini yaliyochemka toka alfajiri. Mwarobaini mtupu, kama ule wanaopewa watoto wa homa. Ila hilo tulilijua sisi na moto.

"Nini hiki?" akauliza Meya.

"Tumekuhurumia, Mstahiki," nikasema. "Ulitaka sana kuapa, sheria ikakunyima kula. Tumekuletea kiapo cha kunywa."

Meya akamgeukia Bwana Nyaulingo. Bwana Nyaulingo akafunua Hati, kidole kikifuata mstari. "Ibara ya Saba, Mstahiki... 'Kunywa hakuhusiki.'"

"Nani aliandika upuuzi huo?"

"Wewe, Mstahiki."

Chausiku akachota kikombe, kijani kibichi, moshi unapanda. Akamfikishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Dawa ya marehemu baba, mwanangu. Anayeapa kweli inamteremka kama uji."

"Na anayeapa uongo?"

"Huyo sijui humalizikaje. Hawakuwa wanarudi kutusimulia."

Meya alikitazama kile kikombe. Kikombe nacho, naapa, kilimtazama.

"Leo nimefunga," akasema.

Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma, yule anayepika pale stendi. "Umefunga? Mbona asubuhi ulikuwa kwangu na supu?"

"Supu nilikunywa!"

"Na chapati nne?"

"Kumbe anakula!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Chausiku akawageukia madiwani na kikombe chake, mmoja baada ya mwingine, karibu baba, karibu mwanangu. Huyu akakumbuka ana mgeni. Huyu tumbo limemshika mapema, kabla ya dawa. Wakala kona mmoja mmoja, na Bwana Nyaulingo hakumwandikia barua hata mmoja.

Nikakichukua kikombe mimi.

"Mimi Kidawa binti Mwinchande, mbele ya mkutano huu wa hadhara, naapa. Mlango wa umma nitaufungua. Cha umma sitakila, na nikikila kinikwame hapa, penye koo, kila mtu akione."

Nikanywa chote. Uchungu wake ulinitoa machozi hata jino moja likatikisika. Chausiku akafuata. Akafuata mama wa supu, akafuata mama yake Mwanaheri, ambaye alikunywa bila kupepesa, kana kwamba ni maji. Kikombe kikazunguka. Sikudhani naye akanyoosha mkono, Nesi Sikujua akaupiga. "Wewe hapana! Mwarobaini na mimba ni wapi na wapi?"

Hapo Meya akasikia kilichomo chunguni. Lakini wakati huo chungu kilikuwa kitupu.

"Bwana Nyaulingo," nikasema, "tusomee Ibara ya Pili. Sisi sasa ni akina nani?"

Akasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Akasoma tena. Akasema kitu.

"Hatusikii!"

"Ni viongozi wa umma!"

"Funga hicho kitabu!" akanguruma Meya.

Bwana Nyaulingo akachomoa kalamu moja, akaipuliza mpaka ikatoa wino, akaanza kuandika majina yetu. "Samahani, Mstahiki. Siwezi kupokea amri yako. Wewe hujaapa."

Tulikwenda zahanati saa ileile, kwa miguu, tukiimba. Kufuli hatukulivunja, hatukuwa wahuni. Tulilisogeza, kwa nyundo ya fundi baiskeli. Tukatoa viti na maturubai, tukayakunja vizuri, tukayapanga barazani. Nesi Sikujua akachana nailoni ya kitanda kwa meno, kwa vile mkasi hakuuona upesi. Kisha akatusukuma wote nje, viongozi wa umma na kelele zetu, akaomba ndoo mbili za maji na utulivu.

* * *

Makao makuu wameshaandika barua tatu. Ya kwanza inauliza kwa mamlaka gani. Ya pili inauliza kama kikombe kile kilipigwa mhuri. Ya tatu inasema Hati ya Mji itaandikwa upya, na safari hii kamati haitakuwa na Mwananchi wa Kawaida. Nimewajibu zote kwa mkono wangu: andikeni, hata mara kumi, sisi tumeshameza.

Sikudhani alishikwa na uchungu Jumanne iliyofuata, asubuhi. Presha ikapanda vibaya. Kuna muda Nesi alitoka mlangoni kuvuta pumzi, jasho linamchuruzika, akarudi ndani. Nilikaa barazani nikahesabu misumari ya mlango, hamsini na sita, nikaanza upya. Saa nane mchana nikasikia mtoto analia kwa hasira, kama aliyenyang'anywa. Kisha nikaisikia sauti ya Sikudhani ikiuliza, "Ni nini, mtoto gani?" Hiyo ya pili ndiyo niliyokuwa naingojea. Nikalia, lakini kidogo. Mimi ni kiongozi.

Siku ya pili yake Meya akaja na askari wawili kudai jengo lake. Barazani foleni ilikuwa ndefu, wajawazito wamejipanga mpaka njiani, wamekalia vile viti vya harusi. Akapita katikati yao bila salamu, tumbo limetangulia, yeye anafuata nyuma hatua moja. Askari walipowaona wale akina mama wakavua kofia, wakasimama pembeni.

Nesi Sikujua alikuwa mezani, kichwa kimeinama kwenye rejista, usingizi wa siku mbili machoni. Akaona tumbo limesimama mbele yake. Akalowesha kidole, akafunua ukurasa mpya.

"Miezi mingapi?"

Foleni ikakata pumzi. Meya akalitazama tumbo lake.

Nikamjibia mimi. "Andika miaka kumi na mmoja, mwanangu, toka alipoingia ofisini. Na bado hajazaa kitu."